Ngoma ya Kuazima Haikeshi

Wahenga walinena kwamba mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Hawakusema mwenye njaa kubwa, wala mwenye sauti kubwa. Walisema mwenye kisu. Katika makala yetu ya leo tunakusudia kuipima methali hiyo kwa jambo ambalo wazee wengi wa huku kwetu Pwani wanalidharau, nalo ni muziki wa kufokafoka wa vijana. Zaidi tunakusudia ule usiosikika redioni, ambao wenyewe huuita andagraundi, yaani muziki wa chini kwa chini.

Tunajua watakuwapo wa kuuliza: ukurasa wa heshima kama huu una shughuli gani na mambo ya vijana wa vijiweni? Jawabu letu ni fupi. Huku Mapinga, mahali ambapo Mkoa wa Dar es Salaam umeishia na Mkoa wa Pwani kuanza, mashamba ya mikorosho na minazi yanazidi kugeuka viwanja, na kijana asiyekuwa na shamba wala ajira si kitu cha kutafutwa kwa taa. Baadhi ya vijana hao wana kompyuta kuukuu, spika mbili, na godoro lililoegemezwa ukutani ili kuzuia mwangwi. Humo chumbani ndimo wanamotunga mashairi, ndimo wanamounda midundo, na ndimo wanamorekodi. Albamu nzima huweza kutoka humo bila ya kupita mkononi mwa tajiri yeyote. Hilo si jambo la mchezo. Ni suala la nani ashike nyenzo za kazi, na katika nchi yetu suala hilo lina historia ndefu.

KASETI YA SALEH JABIR

Yafaa tuanzie mwanzo, ili tusije tukahukumu mti kwa majani yake.

Mwaka 1991 yalifanyika Dar es Salaam mashindano ya kufokafoka yaliyoitwa Yo! Rap Bonanza. Wakati huo vijana wengi walighani kwa Kiingereza, tena kwa maneno ya watu wengine, kama kasuku aliyefunzwa salamu. Aliyeng'ara ni kijana Saleh Jabir. Yeye aliuchukua mdundo wa wimbo "Ice Ice Baby" wa Mmarekani Vanilla Ice, akautia maneno ya Kiswahili. Kaseti yake ikaenea, na watu wakatambua kwamba lugha yao nayo yaweza kupanda juu ya mdundo ule isianguke.

Tuutazame ushindi huo kwa macho mawili. Kwa jicho la kwanza, ulikuwa ukombozi, maana neno lilirudi nyumbani. Kwa jicho la pili, nusu ya kazi ilikuwa bado ya kuazima, kwani mdundo ulikuwa wa mtu mwingine. Hata huyo Vanilla Ice mwenyewe alikuwa ameukata kutoka katika wimbo wa mwaka 1981 wa bendi ya Queen na David Bowie. Na mwimbaji wa Queen, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja mwaka 1946. Hivyo mdundo ulitoka kwa mzaliwa wa Unguja na wenzake wa Uingereza, ukaenda Marekani, kisha ukatufikia Dar es Salaam kama bidhaa ya ng'ambo. Karafuu na pamba zetu zimesafiri safari kama hiyo mara nyingi: huondoka zikiwa mali ghafi, hurejea zikiwa na nembo ya watu.

REDIO NYINGI, MLANGO MMOJA

Katika miaka ile chombo cha utangazaji Tanzania Bara kilikuwa kimoja, Redio Tanzania Dar es Salaam, na studio yake ndiyo iliyorekodi bendi za dansi, taarabu na kwaya. Vijana wa kufokafoka hawakuwa na nafasi kubwa humo. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ikafungua mlango kwa vituo vya watu binafsi, na Radio One ikaanza mwaka 1994. Mwaka huohuo wa 1993 lilikuwa limeundwa kundi la Kwanza Unit, ambalo liliufanya muziki huu kuwa na fikra na si mchezo wa kuiga tu. Albamu yao Kwanzanians ilitoka mwaka 1999. Joseph Mbilinyi, aliyejulikana kama Mr. II na baadaye Sugu, alitoa Ndani ya Bongo mwaka 1996, akasimulia maisha ya kijana wa mjini kwa lugha ya kijana wa mjini.

Studio nazo zikachipuka. Master Jay na MJ Production, P-Funk Majani na Bongo Records, ni majina ambayo kila aliyekuwa kijana wakati ule anayajua. Hawa walifanya jambo kubwa kuliko inavyokumbukwa: walijenga mdundo wa nyumbani. Mwaka 2001 Joseph Haule, yaani Professor Jay, alipotoa albamu ya Machozi, Jasho na Damu, yenye wimbo "Ndiyo Mzee" uliomkejeli mwanasiasa mwenye ahadi za uongo, wazee waliokuwa wakiziba masikio waliyazibua. Kwa hakika hata sisi wa upande wa siasa tulicheka, ingawa kicheko chetu kilikuwa na woga ndani yake. Mbilinyi akaja kuwa mbunge wa Mbeya Mjini, Haule akawa mbunge wa Mikumi, na mwana wa Muheza, Hamis Mwinjuma, yaani Mwana FA, aliyeingia bungeni mwaka 2020, akateuliwa mwaka 2023 kuwa naibu waziri mwenye dhamana ya sanaa. Anayeendelea kusema kwamba huu ni muziki wa wahuni na awaeleze wapiga kura wa majimbo hayo.

Lakini pamoja na mafanikio hayo, ulizaliwa utaratibu mpya wa unyonyaji, nao tuuseme bila kumung'unya maneno. Msanii aligeuka mpangaji. Studio ilikuwa ya mtu mwingine, redio ya mtu mwingine, na kaseti ilisambazwa na mfanyabiashara wa tatu. Kijana aliingia na daftari la mashairi, akatoka na jina. Jina lilimpatia picha gazetini; pesa ya kodi ya chumba aliendelea kuidaiwa. Malalamiko ya kudaiwa chochote ili wimbo upigwe redioni yamesikika kwa miaka mingi kutoka kwa wasanii wa kila daraja. Palipo na mlango mmoja, daima hutokea bawabu.

WALIOAMUA KUJITENGENEZEA

Kutokana na hali hiyo ndipo ilipopata nguvu harakati ya chini kwa chini. Hatusemi kwamba ilianza siku moja, wala kwamba ina baba mmoja. Tunachosema ni kwamba katika miaka iliyofuata 2010, wakati redio zilipokuwa zimezoea wimbo mmojammoja wa mapenzi, wapo vijana walioshikilia albamu nzima, yenye mwanzo na mwisho kama kitabu. Kundi la Tamaduni Muzik ndilo mfano ulio dhahiri. Studio ya M Lab, ya mtayarishaji Duke, ilikuwa tanuri lao; mtayarishaji hakuwa tajiri aliyekaa ng'ambo ya meza, bali ndugu yao ndani ya kazi. Albamu ya Nikki Mbishi, Sauti ya Jogoo, ya mwaka 2011, hutajwa mpaka leo na wapenzi wa muziki huo. Nash MC naye aliiita albamu yake Mzimu wa Shaaban Robert. Msomaji na atafakari jina hilo. Kijana wa mjini, anayedhaniwa kuwa mwana wa Marekani, anajinasibisha na mshairi wa Tanga aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962. Basi ni nani aliyeacha mila, yeye au sisi tunaovipanga vitabu vya Shaaban Robert kabatini bila ya kuvifungua?

Hatua ya mwisho ya safari hiyo ndiyo tunayoiona leo katika vyumba vya Mapinga, Kerege na Bunju: mghani na mtayarishaji kuwa mtu mmoja. Zamani hilo lilikuwa muhali, kwa kuwa mashine za kuundia midundo, kama ile MPC60 ya kampuni ya Akai iliyotoka mwaka 1988, ziligharimu fedha ambazo mtoto wa mkulima hawezi hata kuziota. Siku hizi programu kama FL Studio, iliyobuniwa Ubelgiji, inaingia katika kompyuta ya kawaida. Ngoma, besi na kinanda vyote vimo ndani ya sanduku moja. Jirani zao wa mchiriku na singeli waliwatangulia katika hekima hiyo: mchiriku uliinuliwa na vinanda vidogo vya Casio, na singeli ikapikwa katika studio za uswahilini kama Sisso ya Mburahati, hata mwaka 2017 ikatolewa santuri iitwayo Sounds of Sisso na kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Uganda.

MKIA WA NENO

Hapa tuingie kidogo katika ufundi, maana ndipo ilipo siri yenyewe. Sisi tuliopitia chuo cha Kurani kabla ya darasa la kwanza tulifundishwa mapema kwamba neno lina kipimo chake. Ukirefusha pasiporefushwa, umeharibu maana. Baadaye shule za serikali zilitupa vina na mizani, na ngonjera tulizozighani mbele ya wageni rasmi, utanzu ambao Mathias Mnyampala aliupa nguvu kwa vitabu vyake vya mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwa hiyo tunaposikiliza vijana hawa, tunasikiliza kwa sikio la mizani.

Kiingereza kina maneno mengi ya silabi moja. Mghani wa Kimarekani huweza kuliangusha neno lake juu ya pigo la mwisho, likafa hapo hapo kama msumari uliopigwa nyundo. Kiswahili hakiendi hivyo. Mkazo wetu huwa juu ya silabi ya pili kutoka mwisho, na neno huishia kwa irabu. Ukilitua pigo juu ya mkazo, bado silabi moja inaning'inia nyuma, kama mkia wa mbuzi aliyekwisha kuingia zizini. Mdundo uliokatwa kwa ajili ya Kiingereza hauna nafasi ya mkia huo. Mghani ama humeza silabi, ama hugeuza matamshi yake yakawa ya kizungu. Mwenye kuunda mdundo wake mwenyewe huacha pengo pale penye haja. Huchelewesha ngoma nusu pumzi, neno likamalizika, maana ikafika.

Vilevile, kwa kuwa kila neno letu huishia kwa irabu, kina cha irabu tupu ni rahisi mno. Yeyote anaweza kuoanisha "kula" na "kulala". Mghani aliye bora hulinganisha silabi mbili au tatu za mwisho, na hupanda vina katikati ya mshororo kama walivyofanya washairi wa mrima. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alipotunga utenzi wake wa vita vya Wadachi, vita ambavyo Bushiri bin Salim alivipigana katika pwani hii yetu ya Bagamoyo na Pangani mwaka 1888 na 1889, hakuwa na redio wala mfadhili. Alikuwa na kipimo, na alikuwa na habari ya kusema. Mtu mwenye vitu hivyo viwili hasubiri kuitwa.

MFANO WA NG'AMBO

Wala jambo hili si la kwetu peke yetu. Huko Marekani alikuwapo Daniel Dumile, aliyezaliwa London mwaka 1971 kwa baba wa Zimbabwe na mama wa Trinidad, akakulia New York. Mwaka 1993 ndugu yake, aliyekuwa mwenzake katika kundi la KMD, alifariki kwa kugongwa na gari. Mwaka uliofuata kampuni kubwa iliyowasajili ilikataa kuitoa albamu yao iliyokwisha kurekodiwa, kwa sababu ya picha ya jalada lake. Akapotea machoni pa watu kwa miaka kadhaa. Mwaka 1999 akarejea na jina la MF DOOM, na baadaye hakuonekana jukwaani bila barakoa ya chuma. Albamu yake, Operation: Doomsday, ilitolewa na kampuni ndogo, na sehemu kubwa ya midundo aliiunda mwenyewe. Alipofariki mwaka 2020, dunia nzima ya muziki huo iliomboleza.

Funzo lake kwetu ni hili. Kampuni iliweza kumnyang'anya albamu kwa sababu kila kitu kilikuwa mkononi mwake. Ilipokwisha kumtupa, haikuweza kumnyang'anya ujuzi. Ujuzi ndio uliomrudisha.

DOSARI ZA CHUMBANI

Hata hivyo, sisi si watu wa kusifia tu. Mwenye kujifinyangia chungu ndiye pia hujinunulia mwenyewe akakisifu. Studio ya zamani, pamoja na unyonyaji wake, ilikuwa na mtu wa kusema: mshororo huu ni dhaifu, rudia. Anayefanya kila kitu peke yake hana wa kumwambia hivyo. Matokeo yake ni albamu ndefu zisizo na mchujo, majigambo yanayojirudia, na matusi yanayowekwa pale ambapo fikra imekosekana. Tunawashauri vijana wawe na baraza dogo la wenzao wakweli, kama mafundi wa jahazi wanavyokagua ubao kabla ya kutiwa kalafati. Chombo kisichokaguliwa nchi kavu hukaguliwa na bahari.

Dosari ya pili ni nzito zaidi. Midundo mingi huundwa kwa kukata kipande cha wimbo wa zamani na kukizungusha. Vijana wetu wanazipenda sana gitaa na tarumbeta za bendi za miaka ya 1970, na katika kupenda huko tunaona heshima. Lakini waliopiga gitaa hizo ni watu, wana majina, wana wajane na watoto. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, iliyoleta COSOTA, haimlindi msanii wa leo peke yake; inamlinda na mzee wa jana. Kijana anayelalamika kwamba redio inamnyonya, naye akachukua jasho la mzee wa bendi bila ya ruhusa wala senti, hajaukomesha unyonyaji. Amebadilisha kiti tu. Na watafute wenye haki, waombe, waandike majina yao juu ya jalada. Tena wapo wapigaji wazee ambao wangekuja wenyewe na gitaa kama wangealikwa kwa adabu.

WAJIBU WETU SISI

Lililobaki ni la viongozi, na hili tunalisema kwa wenzetu wa chama na serikali za mitaa. Kila msimu wa kampeni tunawakodi wasanii wenye majina wapande majukwaani. Kampeni ikiisha, kijana wa mtaani anayepiga muziki chumbani anaitwa mzururaji. Mwenendo huo haufai.

Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na ikarudishwa mwaka 2024. Kikundi cha vijana kinachoomba fedha za mashine ya kufyatulia matofali hueleweka mara moja. Hapana budi kikundi kinachoomba maikrofoni na kompyuta nacho kieleweke vivyo hivyo, kwa masharti yaleyale ya kurejesha. Studio ni karakana. Hurekodi wimbo, na pia tangazo la duka, kaswida ya Maulidi, kwaya ya kanisa na somo la shule. Na Bagamoyo si mji mgeni kwa sanaa: chuo chake, kilichoanza mwaka 1981 na kuwa taasisi, TaSUBa, mwaka 2007, kipo mwendo mfupi tu kutoka hapa. Ni ajabu kijana wa Mapinga aijue programu ya Ubelgiji asilijue lango la chuo cha wilaya yake. Chuo na vyumba hivi vikutane.

Jambo la mwisho ni uvumilivu wa masikio. Muziki wa chini husema yale ambayo mikutano yetu haiyasemi: uwanja uliouzwa mara mbili, mgambo aliyemwaga bidhaa za mama, dawa zilizokosekana. Mwezi Machi mwaka 2017 mwanamuziki Nay wa Mitego alikamatwa kwa sababu ya wimbo wake "Wapo". Rais Magufuli aliagiza aachiwe na wimbo wenyewe upigwe. Wasaidizi waliona hatari pale ambapo mkubwa wao aliona habari. Kiongozi wa kata asiyetaka kuusikia wimbo wa kijana wake atazisikia habari zilezile siku ya kura, tena bila ya mdundo wa kuzilainisha.

Tunahitimisha. Ngoma ya kuazima haikeshi, kwa kuwa mwenyewe huja kuidai kabla ya alfajiri. Vijana wetu walianza na neno lao juu ya mdundo wa watu. Wakapata mdundo wa nyumbani katika studio za matajiri. Sasa neno na mdundo viko mkononi mwao. Tusiwapokonye kwa dharau, na wao wasijipokonye kwa uvivu. Shime, vijana: kaguzeni kazi zenu, waheshimuni wazee mliowakata vipande, kisha pigeni. Sisi tunasikiliza.